Alamu ya pikipiki: naombeni ushauri kabla sijamkabidhi mwanangu boda ya pili

MamaMshonaji, Mwanjelwa

Wana Nyanda za Juu, habari za kazi. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, nakaa Ilomba, nashonea Mwanjelwa. Mwaka jana nilichukua mgao wangu wa VICOBA, nikaongeza pesa za sare za shule nilizoshona Desemba na Januari, nikamnunulia kijana wangu wa kwanza pikipiki ya Kichina iliyokwisha tumika, apige boda. Akafanya nayo kazi miezi saba. Kila jioni analeta hesabu, hajanidanganya hata mia.

Siku ilipoibiwa hakuzembea, na hili nalisema mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema vijana wa boda wanauza wenyewe halafu wanalia. Alichukua abiria pale Kabwe, mama mjamzito mwenye kiroba cha unga cha kilo 25, wakaenda mpaka Sokomatola. Yule mama akaomba asaidiwe kupandisha kiroba ghorofani. Mwanangu akafunga usukani, akachomoa ufunguo, akapanda. Ngazi ni kumi na nne. Nilikwenda kuzihesabu mwenyewe. Aliposhuka, pale alipopaki pamebaki doa la oili na kipande cha waya.

Kile kipande ninacho, nakihifadhi kwenye kopo la vifungo. Urefu wake kama kidole cha shahada, ni mweusi una mstari mweupe mwembamba, na umekatwa pande zote mbili. Haukunyofolewa. Nimeshika mkasi tangu nina miaka kumi na sita, mkato naujua: huu ulikatwa na mtu asiye na haraka, aliyejua anakata nini.

Tuliripoti polisi siku ileile, tukapewa RB, ile namba ya taarifa. Mpaka leo kimya.

Sasa nimepata nyingine, ya Kihindi, mpya, yenye stata. Nusu ni mkopo, narejesha kila wiki. Iko ndani, haijatoka, maana nimeapa haitoki mpaka niridhike. Kabwe nimeonyeshwa alamu za aina mbili, moja 30,000, nyingine 55,000. Muuzaji wa kwanza anasema zinafanana, tofauti ni rimoti tu. Wa pili anasema ya 30,000 ni kelele tupu. Jirani yangu hapa Ilomba alifungiwa alamu, wiki ya tatu pikipiki haikuwaka asubuhi, betri imekufa, akaing'oa yote akaitupa. Na duka nililonunua pikipiki wananiambia nikiruhusu mtu kukata nyaya, waranti imekwisha.

Kwa hiyo naomba mnieleze kama mnavyomweleza mtu asiyejua umeme lakini anayeelewa akielezwa. Alamu inazuia nini hasa? Ule waya mweusi ulikuwa wa nini? Betri nitaifanyaje? Na kuna kitu gani zaidi ya alamu? Tunaishi nyumba ya kupanga, geti ni la bati, na tuko karibu na barabara kuu. Malori ya Tunduma yakipita usiku hata vikombe kabatini vinalia.

FundiUmeme, Soweto

Shikamoo mama, na pole sana. Nafanya umeme wa pikipiki mwaka wa tisa huu. Nitajibu kwa marefu kwa sababu umeuliza mambo ambayo wateja wangu wangeuliza ningekuwa na kazi nusu ya hii ya kurekebisha.

Nianze na kile kipande, maana ndicho jibu la mengine yote. Mweusi wenye mstari mweupe, kwenye pikipiki nyingi za Kichina, ni waya wa kuzimia. Watu hudhani ufunguo ndio unaopeleka umeme injini iwake. Kwenye hizo pikipiki ni kinyume chake. Kuna kiboksi kinaitwa CDI, ndicho kinachorusha umeme kwenda koili na plagi upate cheche. CDI ya namna hiyo inalishwa na koili iliyoko kwenye magneto, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, ukipiga kiki tu tayari ina umeme, betri iwepo isiwepo. Kazi ya ufunguo ukifungwa ni kuushika ule waya mweusi na mweupe na kuugusisha kwenye bodi, umeme wa cheche unamwagikia huko. Sasa ukiukata, ufunguo hauna tena cha kushika. Mwizi anavunja loki ya usukani kwa kuusukuma kwa nguvu, anakata, anapiga kiki. Wezi wanalijua hili siku nyingi. Sisi mafundi ndio hatuwaambii wenye pikipiki.

Kwa hiyo alamu ya kelele tupu ingeshtua watu, na hilo lina maana, mwizi hapendi macho. Lakini isingeizuia injini kuwaka. Ya 30,000 mara nyingi ni king'ora chenye sensa ya mtikisiko ndani yake na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ya bei ya juu ina fungu la nyaya: za indiketa, wa kujua kama swichi imewashwa, na za relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kukata injini. Mwambie muuzaji afungue boksi, hesabu nyaya kabla ya kulipa. Zikiwa mbili tu, umeonyeshwa king'ora.

Sasa ya kwako. Ni mpya na ni ya Kihindi, inaweza kuwa na mfumo mwingine, ule ambao CDI inalishwa na betri kupitia swichi ya ufunguo. Kuna njia rahisi ya kujua: fundi achomoe soketi ya swichi ya ufunguo, apige kiki. Ikiwaka, ni ule mfumo wa kuzimia kwa kugusa bodi. Isipowaka, inalishwa. Kila mfumo una ufungaji wake. Ule wa kulishwa, relei ya alamu inakaa katikati ya waya unaokwenda CDI, alamu ikiwa macho waya unakuwa umekatika. Ule wa kugusa bodi, relei inafanya kinyume, inaunganisha ule waya na bodi. Na maungio yawe karibu kabisa na CDI, chini ya tangi au siti. Ukiunganisha huku mbele karibu na ufunguo, mwizi akikata anakuwa amekata na ulinzi wako. Hapa ndipo wengi wanakosea. Mteja analipia relei, fundi anaifunga mahali pa rahisi, na haina kazi.

Usimkubalie fundi anayefuata rangi. Kichina, kijani ndiyo ethi, yaani waya wa bodi. Ukienda na akili hiyo kwenye Kihindi unaweza kuunguza kitu. Apime kwa taa au kwa mita kila waya kabla ya kuugusa.

Kuhusu betri. Soma ubavuni, nyingi za pikipiki hizi ni za volti 12 na Ah 5 hivi. Alamu inakesha, kwa hiyo inakula kidogo kidogo. Fundi akimaliza, mwambie achomoe hasi ya betri, aweke mita katikati, alamu ikiwa imewekwa macho, akusomee milliamp. Tuseme ni 10. Betri ya Ah 5 ni sawa na milliamp 5,000 kwa saa moja, gawanya kwa 10 unapata saa 500, kama siku 20 mpaka iishe kabisa. Lakini betri za risasi hazitakiwi kuishia huko, zikishuka chini ya nusu mara kwa mara zinakufa. Kwa hiyo hesabu siku 10 ikiwa imepaki bila kuwashwa. Boda inayotembea kila siku inajichaji, haina shida. Jirani yako nadhani aliiacha ndani muda mrefu, au alifungwa alamu mbovu inayokula zaidi. Na Juni na Julai hapa kwetu ongeza tahadhari, baridi inaishusha nguvu betri yoyote.

Usifunge ile ya kuwashia pikipiki kwa rimoti, hata kama nyaya zake zipo na mwanao anaipenda. Alamu inapowasha haijui kama gia imeingia. Niliona moja pale Mafiati imeachwa gia ya kwanza, mwenyewe akabonyeza akiwa anakunywa chai, ikaruka ikaingia kwenye meza ya mama wa ndizi. Mshukuru Mungu hakukuwa na mtoto. Vilevile kuna rimoti zenye kitufe cha kuzima injini ikiwa inatembea. Kiondolewe. Injini ikizimika mteremko wa Iwambi na lori liko nyuma yako, hakuna pikipiki ya kuokoa tena.

Kuhusu waranti, duka wana haki yao. Ila si lazima kukata. Kuna soketi za kuchomeka katikati, unachukua umeme bila kugusa waya wa kiwandani. Palipobidi kuunga, palehemiwe na kuvalishwa mpira wa joto. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu ni ugonjwa, mvua za Novemba zikianza utaniita. King'ora mdomo uangalie chini. Fyuzi ya amp 5 kwenye waya wa moto, karibu na betri.

La mwisho, ongeza swichi ya siri. Ni swichi ndogo ya bei ndogo inayofanya kazi ileile ya relei lakini kwa mkono. Nikikufungia naifunga mwenyewe mlango umefungwa, na mahali pake utajua wewe na mwanao.

Kijiwe_Uyole

Mama pole. Fundi amesema ya umeme, mimi naongeza ya barabarani, maana naongoza kijiwe na nimeshuhudia pikipiki nne zikienda kwa miaka niliyokaa hapa.

Zote nne ziliondoka mwenyewe akiwa mbali nazo kwa dakika chache. Mzigo wa abiria, chooni, chipsi. Sisi tulikaa tukaweka utaratibu, ukitaka kutoka kwenye pikipiki unamwita mwenzako kwa jina aliye kijiweni, anaitikia, ndipo unaondoka. Ukiwa nje ya kijiwe na abiria anataka umbebee mzigo ndani, mzigo unaushusha mlangoni. Hata akiwa mjamzito, na najua itakuuma kusoma hili, unamwita mtu wa pale ndani atoke. Simlaumu mwanao, alifanya ubinadamu.

Mnyororo. Pikipiki nyingi za boda breki za mbele ni za dramu, zile kufuli ndogo za kwenye diski hazina pa kukaa. Kwa hiyo mnyororo mnene upitishwe gurudumu la nyuma, uzunguke kwenye fremu, na ufungwe kwenye kitu kisichobebeka. Ukifunga gurudumu peke yake wanainyanyua watu wawili wanaiweka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Usiulaze mnyororo chini, juu ya saruji mwizi anapata pa kukandamizia mkasi wa nondo. Ubane ukae juu, usiguse chini.

Chukua karatasi uandike namba ya injini na namba ya chesisi, piga picha kadi, piga picha pikipiki pande zote na mikwaruzo yake. Wakikuuliza polisi unatoa hapohapo. Namba ya MC, ile ya usajili kwenye kibao, wanaibandua saa moja baada ya wizi, haikusaidii peke yake. Sisi tunachonga namba ya MC pia chini ya siti na ndani ya vifuniko vya ubavuni. Namba za kiwandani usiziguse.

Na uliza bima yako. Bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga, pikipiki ikiibiwa hupati kitu. Inayohusika na wizi ni bima kubwa, na ukiwa na mkopo wa kila wiki ifikirie kweli.

Jambo moja la mwisho. Alamu ikilia hapa kijiweni tunatoka wote. Lakini tumekubaliana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hakuna kumpiga mtu. Anashikwa, anafungwa mkono, polisi wanaitwa kwa 112. Niliona kijana akichomwa moto miaka iliyopita na baadaye ikajulikana pikipiki ilikuwa ya kaka yake. Sisahau.

MamaMshonaji, Mwanjelwa

Asanteni sana wanangu. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mwanangu, na tulipofika pale pa waya mweusi na mweupe alinyamaza muda mrefu. Miezi yote hii alikuwa anajiuliza kama hakufunga vizuri. Sasa anajua alifunga, na kwamba ile loki isingemsaidia. Kwa hilo peke yake fundi nakushukuru.

Kijiwe_Uyole, la mzigo limeniuma kweli. Nimemwambia ashushe mlangoni, na awe na adabu anapokataa.

Nina swali moja bado. Kuna mteja wangu ananiambia niache hizi kelele, nifunge kifaa cha GPS, nitaiona kwenye simu popote ilipo. Kweli? Na akikabwa usiku na watu wenye panga, alamu au GPS itamsaidia nini? Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko wizi wa mchana.

DadaIpogolo, Iringa

Kamwene mama. Mimi nina pikipiki tatu, vijana wanaziendesha kwa mkataba, na zote zina GPS. Nakueleza kilichonitokea.

Mwaka juzi moja iliondoka Ipogolo saa nne usiku. Kijana akanipigia, nikatuma ujumbe mfupi kwenye laini ya kile kifaa, kikajibu na ramani: Ilula. Nikatuma tena, kimya. Kwenye milima ya Kitonga hakikupata mtandao, nilikaa nimeshika simu kama nimeshika mgonjwa. Kisha kikajibu, Ruaha Mbuyuni. Nilikuwa tayari nimefika kituoni na namba ya injini na kadi, polisi wakawasiliana na wenzao wa huko, asubuhi ilikutwa nyuma ya nyumba ya wageni. Sikwenda mwenyewe, na wewe usiende wala usimtume mwanao. Ramani inakuonyesha pikipiki, haikuonyeshi waliokaa nayo.

Lakini mteja wako asikudanganye kwamba inatosha. GPS haimzuii mtu kuondoka. Laini yake unaisajili kwa namba ya NIDA na alama za vidole kama laini yoyote, halafu wengi wanaisahau, salio linaisha, laini inafungwa, wanakuja kugundua siku ya msiba. Mimi kila tarehe 1 naituma ujumbe, ikijibu naandika kwenye daftari. Tena inakula betri kuliko alamu. Fundi wangu alipima milliamp 40, fanya hesabu ile ya juu, siku tano hivi betri ya Ah 5 imekwisha yote. Kwa pikipiki inayolala ndani wiki nzima haifai, kwa boda ya kila siku inafaa. Na ifichwe mbali na king'ora, maana mwizi akisikia kelele anafuata nyaya za king'ora na kung'oa anachokikuta.

Kama pesa ni ya kimoja tu mwezi huu, anza na relei na swichi ya siri pamoja na mnyororo. GPS ifuate.

Kuhusu panga, mama, mwambie hivi nilivyowaambia wangu siku ya kwanza mbele ya mama zao: ukikabwa, shuka, mpe ufunguo, mwonyeshe swichi ilipo akiuliza, ondoka. Usijaribu kuizima wala kukimbia nayo. Sitakudai. Niliiandika kwenye mkataba kwa maneno hayo, kwa sababu kijana anayeogopa deni anapigana. Na baada ya saa nne usiku wangu hawabebi abiria wa njia za shambani wasiyemfahamu.

MamaMshonaji, Mwanjelwa

Wapendwa, narudi kuwapa mrejesho, maana mlinipa muda wenu.

Tulikwenda kwa FundiUmeme Soweto Jumamosi, tukakaa naye kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Nilikuwa nimenunua ile ya 55,000 baada ya kuhesabu nyaya dukani, tisa. Muuzaji alinitazama sana. Fundi alichomoa soketi ya ufunguo, akapiga kiki mara tano, haikuwaka. Kwa hiyo yetu ni ya kulishwa. Akanionyesha waya wenyewe, akaweka taa ya kupimia, ufunguo ukiwashwa inawaka, ukizimwa inazima. Relei akaifunga chini ya tangi kwa soketi za kuchomeka, hakukata waya hata mmoja wa kiwandani. Palipohitaji kulehemu nilimshikia taa. Namwambia kila mtu, mkono wake hautetemeki, na kila ungio alilivuta kwa nguvu kabla ya kulivalisha mpira. Mimi navuta mshono hivyohivyo kabla ya kumkabidhi mteja.

Mita ilisoma milliamp 7. Nimeiandika kwenye kadi ya pikipiki kwa penseli, ili miezi ijayo ikipimwa tena tujue kama imebadilika.

Usiku wa kwanza mambo hayakuwa mazuri. Saa tisa usiku lori zito lilipita barabarani, king'ora kikalia nyumba nzima ikaamka, mpangaji mwenye mtoto mchanga akatoka analia naye. Niliomba radhi mlango kwa mlango. Asubuhi tulirudi Soweto, fundi akashusha sensa hatua mbili. Njia yake ya kupima nawapa: weka alamu macho, subiri dakika moja, gonga siti kwa kidole kimoja. Isilie. Kisha shika usukani uusukume kama unayetaka kuvunja loki yake. Ilie. Tumejaribu usiku wa pili na wa tatu, malori yamepita, iko kimya. Paka aliruka kwenye siti ikatoa mlio mmoja mfupi tu wa onyo, basi.

Mnyororo nimenunua wa kupima kwa mita, duka la vifaa vya ujenzi, mita moja na nusu. Ulikuwa unakwaruza fremu na kupiga kelele njia nzima, kwa hiyo nimeushonea mfuko mrefu kama mguu wa suruali, kwa turubai la lori, mishono miwili, uzi wa viatu. Umebana vizuri na unakaa juu, hauangukii chini, kama alivyosema Kijiwe_Uyole. Wenzake mwanangu wameuona, wawili wameshaniomba niwashonee.

DadaIpogolo, yale maneno ya kukabwa nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la hesabu, ukurasa wa kwanza, nikasaini, naye akasaini. Nimeandika na hili: mkopo uliobaki ni wangu, si wake. Alisoma, akafunga daftari, akaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. GPS nitaifunga mgao wa VICOBA ukitoka, na bima kubwa nimekwenda kuuliza bei, nalipa kwa awamu.

Kile kipande cha waya nilikwenda nacho. Fundi alikishika, akakiweka sambamba na waya wa pikipiki nyingine ya Kichina iliyokuwa imefunguliwa pale, vikafanana mpaka unene wa ule mstari. Akaniomba nimwachie awaonyeshe wateja wake. Nimemwachia, amekining'iniza kwenye msumari juu ya meza yake.

Jumatatu kijana anaanza, kijiwe cha Mafiati. Ndaga fijo, asanteni sana.